Mama Maswali na Siku Arobaini na Mbili za Mama Mkwe

Saa moja na robo asubuhi, foleni imeshafika kwenye nguzo ya taa. Mbele yake, hatua tano kutoka kizuizi cha mpaka, amesimama mwanamke mfupi aliyevaa koti jeupe. Mkononi ana kipimajoto chenye umbo la bunduki. Anakielekeza kwenye paji la uso, anabonyeza, anasoma, anasema, "Pita." Paji jingine. "Pita." Jingine.

Mzee mmoja anayekokota baiskeli ananyoosha mikono yote juu.

"Mama, usinipige, nina wajukuu!"

"Shusha mikono baba, baiskeli itaanguka. Thelathini na sita nukta tano. Mwili wako bado kijana, ni uso tu umetangulia."

Foleni inacheka. Mzee anapita huku akijishika uso, labda anahakikisha.

Anafuata mama mwenye beseni la sabuni kichwani. Kipimajoto kinaonyesha thelathini na nane nukta moja. Waliokuwa nyuma yake wanarudi hatua mbili, kama walioambiana. Mwenye koti jeupe hashtuki. Anamtua beseni, anamkalisha kwenye benchi la kivulini na kumpa masharti mawili: atulie dakika kumi, na asigombane na mtu. Dakika kumi zikiisha anampima tena. Thelathini na sita nukta tisa.

"Lilikuwa jua, na beseni. Pita, mwanangu. Na kesho funika kichwa."

Kazi hiyo ameifanya kwa miaka kumi na minne. Kwenye kitambulisho chake imeandikwa mhudumu wa afya mpakani, lakini hakuna anayemwita hivyo. Sokoni, forodhani, hata kwa majirani zake, anaitwa Mama Maswali.

Ofisi yake ni kontena la bluu lililokatwa dirisha upande mmoja. Ndani mna meza, viti viwili, simu ya mezani, ndoo ya maji ya klorini yenye bomba, na kitanda kimoja nyuma ya pazia la plastiki. Nje, ukutani, pameningʼinizwa ubao wa chaki unaotazama soko. Leo ubao hauna kitu. Ukiwa mtupu namna hiyo, anasema, ndipo anapolala vizuri.

Nyuma ya mlango imebandikwa karatasi iliyopakwa plastiki, pembe zimejikunja. Juu yake yako maswali manne, na ndiyo yaliyompa jina.

Nchi karibu zote za dunia zimekubaliana kanuni za afya za kimataifa. Kwa mujibu wa kanuni hizo, likitokea jambo la kutia shaka, nchi ina saa arobaini na nane za kulipima kwa maswali manne. La kwanza: je, madhara yake kwa afya ya watu ni makubwa? La pili: je, si la kawaida, au halikutarajiwa? La tatu: je, kuna hatari ya kuvuka mipaka? La nne: je, kuna hatari ya kuwafanya wengine wazuie safari na biashara? Yakipatikana majibu mawili ya ndiyo, nchi inatakiwa iliarifu shirika la afya la dunia ndani ya saa ishirini na nne.

Wanaojibu maswali hayo rasmi ni wakubwa wa makao makuu. Lakini wakubwa hawaoni mpaka kwa dirisha. Wanaanza na fomu iliyojazwa na mtu kama huyu.

"La tatu mimi hulijibu kabla sijakaa," anasema, akielekeza kidole nje. "Mpaka huo hapo. Hata kuku wa forodhani anauvuka mara nne kwa siku, na hajawahi kuonyesha cheti."

Mumewe ni fundi cherehani mwenye kibaraza barabara ya nyuma. Ndiye aliyefupisha mikono ya koti jeupe, na ndiye anayeumia zaidi kwa elimu ya mkewe.

"Nikichelewa kurudi, hanipigii kelele," fundi analiambia gazeti hili, uzi ukiwa mdomoni. "Ananisimamisha mlangoni. Je, jambo ni kubwa? Je, si la kawaida? Je, laweza kuenea? Je, majirani watatufungia milango? Nikishajibu ndiyo mbili, taarifa inapelekwa kwa mama yangu."

Na mama yake ndiye kiini cha habari hii.

Mama mkwe wa Mama Maswali anauza nyanya sokoni. Umri wake anaujua mwenyewe na hamwambii mtu. Meza yake ni ya tatu kutoka kwenye bomba la maji, hatua arobaini kutoka kontena, nayo inatazama dirisha la ofisi moja kwa moja. Kwa hiyo mtu na mkwe wake wanaonana kutwa nzima kazini, kisha wanarudi kulala kwenye ua mmoja. Wako wanaopewa adhabu ndogo kuliko hiyo.

Mama Maswali anasema haogopi homa. Homa ina glavu, ina klorini, ina kitabu. Anachoogopa ni pazia.

"Si hili langu la plastiki," anasema. "Pazia la sokoni. Kila meza ina kitambaa kwa nyuma, mwenye meza anapumzika hapo. Mtu akiugua leo wanamlaza humo, wanamfunika, wanaendelea kuuza. Wanaogopa nikimwona nitaandika, nikiandika soko litafungwa. Na kweli nitaandika. Kwa hiyo wako sahihi, na ndiyo shida yenyewe."

Tangu mwaka jana amekuta wagonjwa wawili wamefichwa hivyo. Wote walikuwa na maradhi ya kawaida. Wa tatu je? Akifichwa siku tatu mwenye ugonjwa wa kuambukiza, soko lote litakuwa limeshamshika mkono.

Chanzo cha pazia ni Jumanne moja ya mwaka jana, saa nane mchana.

Siku hiyo kuli mmoja wa malori aliletwa kontenani akiwa ameegemea bega la dereva. Alikuwa na homa ya thelathini na tisa na nusu, macho mekundu, na fizi zikivuja damu. Mama Maswali alivaa glavu na barakoa, akamlaza nyuma ya plastiki, akapiga simu wilayani. Haikupita saa moja akaja kuli wa pili. Naye fizi zilivuja. Walilala chumba kimoja.

"Mmoja ni mgonjwa," anasema. "Wawili wa chumba kimoja ni fomu."

Ofisa wa forodha alipita dirishani akaona ameshika kalamu. Alimsihi kwa sauti ya chini. Keshokutwa ni gulio kubwa, alisema, watu wameagiza mizigo. Kwa nini asiandike Ijumaa? Siku tatu zitamuua nani?

"Nikamwambia ndicho nisichokijua, ndiyo maana naandika leo."

Kisha akatokea mama mkwe, amefuata vyombo vya chakula cha mchana.

"Mkwe, mbona unaandika mbiombio hivyo? Kama barua ya mapenzi!"

"Ni fomu, mama."

"Fomu ya maswali yako yale?"

"Ndiyo."

"Umeweka ndiyo ngapi?"

"Nne."

Mama mkwe aliinama dirishani akaitazama karatasi, imemgeukia kichwa chini. Hakwenda shule, lakini hesabu ya soko anaijua, na nyumbani kwake siku hiyo palikuwa na matenga kumi na moja ya nyanya zikisubiri gulio.

"Basi weka mbili," alisema. "Zile nyingine utamalizia Ijumaa."

"Hata mbili zinatosha kufunga, mama."

"Basi weka moja."

Mama Maswali anakumbuka kwamba alicheka, halafu akaona mwenzake hacheki. "Nilijua ninachoandika. Nilikuwa naandika kuli wawili, na chini yao naandika nyanya za mama mkwe wangu. Lakini nikamaliza."

Jumatano wilaya ililifunga soko ili lisafishwe na watu waliogusana na wagonjwa watafutwe. Hilo lingekwisha kwa wiki moja. Alhamisi maabara ilithibitisha homa ya virusi ya kuambukiza, na siku hiyohiyo dunia ikaarifiwa. Kamati ya wataalamu iliketi, kila mmoja kwenye kiti chake nchini kwake. Kwa ushauri wao, mkurugenzi mkuu wa shirika akatamka kuwa jambo lile halijafikia kuwa dharura ya dunia. Akashauri pia mipaka isifungwe, bali watu wapimwe.

Jumamosi nchi ya upande wa pili ikashusha kizuizi chake hadi mlipuko utakapotangazwa umekwisha, na bila wanunuzi wa ngʼambo soko likabaki limefungwa.

"Dunia ilisema si dharura yake," anasema Mama Maswali. "Sawa. Basi ikawa dharura ya mama mkwe wangu."

Hakukubali kirahisi. Aliomba wilayani nakala ya kanuni, akasoma mpaka akakipata kifungu kisemacho kwamba nchi inayozuia safari kupita ilivyoshauriwa lazima iwe na sababu ya kisayansi, na ilieleze shirika sababu hiyo ndani ya saa arobaini na nane. Akakipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Akakipeleka kwenye kizuizi na kumsomea askari wa ngʼambo, mita mbili katikati yao, barakoa usoni.

Askari alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Mama, kifungu kizuri sana," alisema. "Waliokiandika walikuwa na kalamu. Mimi nimepewa kizuizi."

Alimwachia nakala. Kesho yake alimwona akijipepea nayo. "Nikasema afadhali. Angalau kimemsaidia mtu mmoja."

Matenga kumi na moja yalioza ndani ya siku sita. Harufu ilifika hadi kwenye cherehani ya fundi. Siku ya saba mama mkwe aliyamwaga shimoni mwenyewe, hakutaka msaada, kisha akanawa mikono na kutangaza mbele ya nyumba nzima: soko limefungwa, na mdomo wake umefungwa. Kwa watu wengine ataongea. Kwa mke wa mwanawe, mpaka kizuizi kipande.

Na akatimiza. Wanaishi ua mmoja, jiko moja, bomba moja, na hakumwambia neno. Akiwa na la kumwambia, aliviambia vyombo.

"Sufuria," angesema, mkwewe akiwa amesimama palepale, "mwambie aliyekuteleka chumvi imezidi."

Au: "Ndoo, yupo mtu alikuacha bila kifuniko. Mimi simtaji."

Fundi anasema miezi ile alijifunza kukaa kibarazani hadi chakula kiive. "Nikiingia jikoni wote wawili wananitumia. Mama anataka nimpelekee ujumbe, mke anataka nimpelekee jibu. Bora sufuria, yenyewe haina ndoa."

Huku mpakani, ubao wa chaki ndio ulikuwa na kazi. Mwongozo unasema mlipuko wa homa ile hutangazwa umekwisha zikipita siku arobaini na mbili bila mgonjwa mpya, yaani muda mrefu kabisa ambao ugonjwa unaweza kujificha mwilini, ukizidishwa mara mbili. Kila asubuhi Mama Maswali alifuta namba ya jana akaandika ya leo. Na kila asubuhi mama mkwe, ambaye hakuwa na soko la kwenda, alipita mbele ya kontena akiwa na kikapu kitupu. Alikuwa anakwenda kutafuta mkaa, alisema. Mkaa unauzwa upande wa pili wa mji.

Namba ilifika kumi na tisa, akapatikana mgonjwa mwingine. Ubao ukafutwa. Alipopona wakaanza upya. Ilifika thelathini na tatu, akapatikana mwingine tena, mama wa mapacha. Ubao ukafutwa.

Walioumwa jumla ni kumi na wanane. Waliokufa ni sita, na kuli wa kwanza ni mmojawao. Mama Maswali anawataja kwa vyumba walivyolala na siku walizokuja, polepole, na hapo hatanii.

Kosa lake analisimulia mwenyewe, bila kuulizwa.

Mama wa mapacha aliumwa sana. Siku moja asubuhi alifungua macho, akakaa kitandani, akaomba kioo. Mama Maswali alitoka akiruka kwenye hema la wagonjwa, lililosimikwa nyuma ya kontena. Kwa uzoefu wake, mwanamke aliyeomba kioo amepona. Akaenda moja kwa moja ubaoni akaandika moja.

Akahesabu bila kukosa siku hata moja. Namba ilipopita thelathini na tano, wanawake walianza kufagia meza zao. Ilipofika arobaini, mama mkwe aliagiza nyanya, kwa uangalifu, matenga manne tu. Siku ya arobaini na mbili Mama Maswali aliandika namba kwa chaki za rangi tatu, akachora na ua pembeni. Soko zima lilikuwa limesimama mbele ya ubao. Mama mkwe alikuwa mbele, amejifunga kanga mpya.

Saa tatu akafika daktari wa wilaya kwa pikipiki, kijana mwembamba mwenye faili kwapani. Akautazama ubao. Akafungua faili. Akautazama ubao tena.

"Mama, ulianza kuhesabu lini?"

"Siku aliyoomba kioo."

"Kioo gani?"

Akaelezwa. Daktari alivua kofia ya pikipiki akakuna kichwa. Hesabu, alisema, huanza mgonjwa wa mwisho anapopimwa mara ya pili na kukutwa hana virusi. Kipimo hicho cha pili kilifanyika siku tano baada ya kioo.

"Kanuni haijui kioo, mama. Inajua kipimo cha pili."

Mama Maswali alichukua kitambaa. Akafuta ua kwanza, kisha namba. Akaandika thelathini na saba, kwa chaki nyeupe.

Sauti moja kutoka nyuma ikauliza, "Mama Maswali, na hili ni swali la ngapi?" Watu wakacheka, kicheko kisicho na furaha.

Mama mkwe akafungua mdomo. Soko zima likageuka kumtazama. Lilikuwa limesubiri neno hilo miezi minne na zaidi. Akaufunga. Akageuka akainua fagio lililoegemezwa mezani.

"Fagio," alisema, "twende zetu nyumbani. Huku watu wanajifunza kuhesabu."

Anapoulizwa kwa nini mtu aliyeisoma kanuni mpaka akamsomea askari alikosea jambo kama lile, Mama Maswali anajibu kwa neno moja. "Nilitaka." Kisha anaongeza, "Nilitaka iishe, ndiyo nikahesabu ninavyotaka. Tangu siku ile tarehe ya kipimo naiandika kwanza, furaha baadaye."

Matenga manne hayangesubiri siku tano. Nyumba ile ilikula nyanya asubuhi, mchana na jioni. Fundi anasema siku ya nne mteja alimletea kitambaa chekundu, naye fundi akajikuta amekasirika bila sababu.

Siku ya arobaini na mbili ya kweli ilifika. Kizuizi kikapanda. Ilikuwa imepita miezi mitano kasoro siku chache. Jioni ile familia ilikaa kula, na watu wote walikuwa wanautazama mdomo mmoja. Mama mkwe alionja, akaweka kijiko chini, akamgeukia mkwewe.

"Chumvi imezidi. Miezi yote hii sufuria haikukwambia?"

Walicheka mpaka fundi akapaliwa. Lakini kicheko kilipokwisha, mama mkwe alisema jambo la pili, na hilo hakutania.

"Siku nyingine ukitaka kuandika, uniambie kabla sijanunua."

"Siwezi, mama. Nikikwambia wewe, kesho soko lote linajua, na mgonjwa anakimbia."

"Haya," alisema mama mkwe. Akaenda kulala.

Mwaka umepita juu ya "haya" hiyo. Wanaongea, wanataniana, wanagombana kuhusu chumvi. Lakini sokoni mapazia yaliongezeka, na Mama Maswali hakujua, siku ikifika, mama mkwe wake atakuwa upande gani wa kitambaa.

Siku ilifika wakati gazeti hili likiwa pale. Ni Alhamisi ya gulio, saa tano asubuhi. Watu mia tisa wameshapita mbele ya kipimajoto tangu alfajiri. Mama Maswali ameketi kidogo kunywa maji, na anapoinua macho anaona meza ya nyanya haina mtu. Mama mkwe wake hajawahi kuacha meza siku ya gulio, hata alipofiwa na jino, kama anavyosema mwenyewe.

Mama mkwe anakuja. Anazitembea hatua arobaini bila haraka, mikono nyuma, kama mtu anayekwenda kununua chumvi. Anafika dirishani.

"Mkwe. Chukua kalamu."

"Kuna nini, mama?"

"Muuza vitunguu, jirani yangu. Yuko nyuma ya pazia tangu asubuhi, anatetemeka. Katapika mara mbili. Wamenikataza nisiseme."

Mama Maswali tayari amesimama anavuta glavu. Anasita.

"Mama, leo umeshusha matenga mangapi?"

"Tisa. Na usiniulize tena, nitabadilisha mawazo."

Wanaondoka pamoja. Wanawake wa sokoni wanapoona koti jeupe likiongozwa na mmoja wao, manungʼuniko yanaanza, kisha yanakuwa maneno.

"Bibi! Wewe kweli? Baada ya yote yaliyokupata?"

"Na wewe nyanya zako utampa nani?"

Mama mkwe anasimama katikati ya njia.

"Nisikilizeni, nina kazi," anasema. "Yule kuli aliandikwa siku ileile, wakafa sita. Angeandikwa Ijumaa, baada ya gulio, baada ya kushikana mikono na ninyi nyote? Mngebaki wangapi? Nyanya ningemuuzia nani, kizuizi? Sogeeni, mtu apite."

Wanasogea.

Muuza vitunguu anatolewa nyuma ya kitambaa, amefunikwa magunia mawili, jasho linamtoka. Ana thelathini na tisa nukta mbili. Anapelekwa kontenani, anatolewa damu kidoleni. Dakika kumi na tano baadaye kipimo cha haraka kinaonyesha malaria. Mama Maswali haishii hapo. Malaria na homa nyingine vinaweza kupanga nyumba moja, anasema. Damu nyingine inawekwa kwenye boksi la barafu na kupelekwa wilayani. Anapiga simu. Anajaza fomu. Kwa kila swali, pale ambapo mwaka jana aliandika ndiyo, safari hii anaandika: haijulikani, tunasubiri.

Mama mkwe hakurudi mezani. Alikaa kwenye benchi la kivulini, lile la dakika kumi, akakaa mpaka jua lilipohama. Wateja walimfuata pale kuuliza bei. Aliwajibu kwa mbali.

Majibu yalikuja Ijumaa saa nane mchana. Ni malaria peke yake. Ubao ulibaki mtupu, kizuizi kilibaki juu. Matenga tisa yaliuzwa, la mwisho kwa bei ya hasara, kwa muuza vitunguu, aliyesema anataka kula kitu chenye rangi.

Jumamosi asubuhi, mwanamke wa meza ya sita alikuja mwenyewe dirishani kusema kuwa mtoto wa dada yake anaharisha. Hakutumwa na mtu. Mama Maswali alimpa maji ya chumvi na sukari, na alipoondoka akabaki anapangusa kipimajoto ambacho hakikuwa na vumbi.

Amebakiza miaka sita kustaafu. Mshahara wake wa mwezi, kwa kipimo cha nyumbani kwake, ni sawa na bei ya matenga sita ya nyanya za msimu. Hajaomba uongezwe. Anachotaka ni kingine, na amekiandika.

Chini ya yale maswali manne, nyuma ya mlango, sasa kuna karatasi ya daftari iliyobandikwa kwa gundi. Ni swali la tano. Aliyelitoa kwa mdomo ni mama mkwe, aliyeliandika ni mkwe, na fundi alikuwepo kama shahidi. Linasomeka hivi: Je, watu waliosema ukweli watakula nini mpaka kizuizi kifunguliwe?

"Kanuni zinawataka watu waseme upesi," anaeleza Mama Maswali. "Ni sawa, nimeona faida yake kwa macho. Lakini anayesema ndiye anayefungiwa. Mkimwachia aoze na nyanya zake, mara ya pili atanunua pazia. Mama mkwe wangu alisema. Si wote watakuwa mama mkwe wangu, na mmoja ananitosha."

Mataifa hukutana kila mwaka kuzungumzia afya ya dunia, na kanuni hizi zimewahi kubadilishwa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo, anasema, kuna nafasi. Nakala safi ya swali la tano amempa daktari wa wilaya, wiki tatu zilizopita. Daktari anathibitisha kwamba aliipeleka wizarani kwa mkono wake. Ilikofika baada ya hapo, hajui.

Mama Maswali anarudi kwenye foleni. Imeshafika tena kwenye nguzo ya taa. Paji la uso. "Pita." Jingine. "Pita."

Kutoka meza ya tatu baada ya bomba, sauti inavuka soko lote.

"Mkwe! Wamejibu?"

"Bado, mama!"

"Waambie sisi walitupa saa ishirini na nne!"